Mume Wangu Anamtafuta Mwimbaji Ninayemficha

Ndiyo, mshauri, nilimkubali, na ulisema kweli. Kama umenisahau, mimi ndiye yule binti aliyekuandikia mwaka jana akiuliza kama ni busara kuolewa na mwanamume anayeweza kushinda kutwa na redio iliyofumuliwa mapajani bila kusema zaidi ya maneno kumi, nawe ukanijibu kwa swali, hayo maneno kumi anamwambia nani? Nilihesabu, mshauri. Yote alikuwa ananiambia mimi. Leo nina miezi mitatu ya ndoa na bado nikisikia funguo zake mlangoni natupa nilichoshika nakimbia kumfungulia, naye husimama tu nje akijifanya kitasa kimekwama ili nije. Sasa naomba unisikilize tena, kwa sababu furaha yangu imeingia mchanga, na aliyeutia ni mimi mwenyewe kwa mdomo wangu.

Mimi ni fundi cherehani kwenye duka lenye mashine tatu, na mume wangu anatengeneza redio, spika na pasi, mtaani wanamwita Waya. Siku tuliyohamia chumba chetu, kabla hata hatujapanga vyombo, tulikaa juu ya godoro lililokuwa bado kwenye nailoni yake tukaahidiana kwamba hatufichani kitu, hata kidogo, hata cha aibu. Yeye akaanza hapo hapo. "Chai yako ina tangawizi nyingi mno, naimeza tu." Nami nikakiri kwamba ile redio niliyompelekea mara tatu kabla hajanichumbia haikuwa mbovu, nilikuwa naichomoa waya mwenyewe. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Nilijua," akasema. "Redio gani inaharibika mahali pale pale mara tatu?" Ndivyo tulivyoanza, mshauri, na tangu siku hiyo kila jioni tunaulizana, "Una lolote?" na asiye na lolote analala kwa amani.

Mama mkwe wangu anakaa mitaa miwili kutoka kwetu. Ni mjane, Waya ni mwanawe wa pekee, na kwa miaka mingi alikuwa dobi wa hospitali, akipiga pasi mashuka na makoti ya madaktari kuanzia asubuhi mpaka jioni, na pasi ile imemshusha bega la kulia, liko chini ya la kushoto kwa vidole viwili kamili. Nalijua bega hilo kwa sababu mimi ndiye niliyemshonea gauni la harusi yetu. Ni mama mpole, ananiita "mwanangu" hata anaponisema. Kitu kimoja tu kilinishangaza, nyumbani kwake hakuna redio, na mwanawe ni fundi redio! Nilipomuuliza mume wangu akasema, "Mama hapendi muziki. Sijawahi kumsikia akiimba hata wimbo mmoja." Nikasema sawa, watu wako tofauti.

Basi Jumamosi ya pili ya mwezi huu kulikuwa na tamasha la muziki mtaani kwetu, kwenye uwanja wa mpira wa shule, na nilimbembeleza mume wangu wiki nzima mpaka akakubali kufunga duka lake Jumamosi, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu alifungue. Tulitoka saa tatu asubuhi, yeye kabeba shuka la kukalia na mkoba wangu begani bila aibu yoyote, mimi nimebeba mayai ya kuchemsha na chupa ya chai isiyo na tangawizi nyingi. Kila tuliyekutana naye alimwambia, "Huyu ni mke wangu." Muuza soda akachoka. "Kaka, nimeshajua ni mkeo, umeniambia uliponunua ile ya kwanza."

Natamani ungetuona. Walianza vijana wanne wenye ngoma, tukacheza tukiwa tumekaa, kisha ikaja kwaya ya shule ambayo mtoto mmoja wa mbele alisahau maneno akawa anafungua na kufunga mdomo tu kama samaki, kisha mzee mmoja wa gitaa aliyekaza nyuzi kwa muda mrefu kuliko alivyopiga mpaka mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Mzee, tutarudi mwakani ukimaliza!" na mzee mwenyewe akacheka kuliko sisi. Mume wangu, yule yule wa maneno kumi, alilaza kichwa mapajani mwangu mbele ya kadamnasi, akafumba macho, akasema, "Siku hii ningeweza kuirekodi ningeirekodi." Nilidhani moyo utanipasuka.

Saa nane mchana spika za upande wa kushoto zikakufa. Mshereheshaji akahangaika na kipaza sauti, akapiga kelele kwa mdomo mtupu, "Jamani, kuna fundi humu?" Nami, mshauri, sijui nini kiliniinua, nikasimama juu ya shuka nikanyoosha mkono. "Yupo! Mume wangu! Hakuna kama yeye!" Waya alinivuta sketi. "Mke wangu, leo nimekuja kusikiliza." Lakini watu walishaanza kumpigia makofi, akainuka akifuta vumbi, akaenda nyuma ya jukwaa, ambako kuna ukuta wa mbao na turubai, na baada ya muda mfupi spika zikanguruma. Nilishangilia mpaka nikakauka koo, nikawaambia majirani zangu wa kushoto na wa kulia, mara mbili mbili, kwamba huyo ni wangu. Wakamwomba abaki huko huko nyuma, zisije zikafa tena.

Ndipo wakapanda wale akina mama wa magauni ya kijani.

Magauni yale niliyashona mimi. Wiki chache nyuma mwenyekiti wa kikundi chao cha kuimba alileta dukani kwetu karatasi ya vipimo, watu kumi na mmoja, hakuna jina, namba tu, na kwenye namba saba alikuwa ameandika, bega la kulia chini vidole viwili. Nikajiambia, kumbe dunia ina mabega mawili ya namna hii! Nikalishona lile gauni kwa uangalifu kuliko mengine yote, nikalipandisha kidogo kwa ndani ili mvaaji asionekane ameinama. Kwa hiyo walipopanda nilikuwa nakagua pindo zangu tu, kama mama anavyokagua watoto wanaokwenda shule, mpaka namba saba aliposogea mbele kuongoza wimbo, gauni limemkaa sawasawa, mabega yote mawili yamelingana, nikainua macho kutazama uso.

Alikuwa mama mkwe wangu.

Aliimba wimbo wa kuanika nguo. "Kauka, shati la mwanangu, kauka, upepo usikubebe, ana shule asubuhi." Maneno ni hayo tu na mengine machache, lakini sauti yake, mshauri, ni sauti ya mtu anayekuita kutoka uani bila kutaka kuwaamsha wengine, unajikuta umeshainuka kabla hujajua umeitwa. Uwanja wote ulinyamaza, hata muuza soda. Katikati ya wimbo macho yake yakanikuta. Wimbo haukukatika, ila alitikisa kichwa mara moja tu, kidogo sana, nikajua ni mimi anayeniambia.

Walipomaliza niliinuka kumfuata, akanikuta nyuma ya tangi la maji la shule, jasho linamtiririka.

"Yuko wapi?"

"Nyuma ya jukwaa, mama. Ndiye aliyetengeneza spika."

Akashika tangi kwa mkono. "Amenisikia?"

"Uwanja mzima umekusikia, mama."

"Sikuulizi uwanja."

Kisha akanieleza, haraka haraka, akichungulia huku na huku. Mume wake alipofariki Waya alikuwa na miaka minane. Mwezi haujaisha, siku moja alikuwa anafua, mikono ikiwa kwenye povu, na bila kujijua akaanza kuimba, kwa sababu miaka yote alikuwa akifua anaimba na akipiga pasi anaimba, na mtoto wake alimlea hivyo, amelazwa juu ya rundo la mashuka yenye joto. Wanawake wa bombani wakasema mjane gani huyu anaimba. Mtoto akasikia. Akaja nyumbani analia, akamwambia, "Mama, usiimbe tena. Wanasema hukumpenda baba." Naye akamjibu, "Siimbi tena, mwanangu."

"Na sikuimba," akaniambia. "Miaka ishirini na miwili, popote alipoweza kunisikia, sikuimba. Alisahau aliniomba, mimi sikusahau nilimjibu nini. Mlipooana nyumba ikawa kimya mno, mwanangu, ndiyo nikajiunga na wenzangu, na leo nilipanda nikijua Jumamosi yeye hafungi duka. Usimwambie. Akijua alinifunga mdomo mwenyewe atajilaumu mpaka anaingia kaburini. Niahidi." Alinishika mikono yote miwili, hakuiachia mpaka nikaahidi. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Nilirudi kwenye shuka nikamkuta mume wangu amekaa, mikono myeusi kwa grisi, macho mekundu.

"Ulimwona yule mama aliyeongoza?" akaniuliza. "Niliangusha koleo. Sijui ule wimbo nimewahi kuusikia wapi. Utanicheka, lakini nilisikia harufu ya nguo zilizotoka kupigwa pasi. Ni nani yule?"

Nikasema, "Sikumwona vizuri, jua lilinipiga machoni."

Jua lilikuwa mgongoni kwetu, mshauri.

Tangu siku hiyo mume wangu anaongea. Nilikuwa namwomba Mungu aongee, sasa anaongea, na habari ni moja tu, yule mama. Anaupiga mbinja ule wimbo akichomea waya, anausahau katikati, anaanza upya. Alikwenda kumuuliza mshereheshaji, akaambiwa ni kikundi cha akina mama cha ng'ambo ya soko. Na juzi tukiwa tunaosha vyombo akaniambia maneno yaliyonimaliza kabisa. "Nikimpata nitamwomba aje kwa mama siku moja, amwimbie. Maskini mama yangu, labda hapendi muziki kwa sababu hajawahi kusikia mtu akiimba hivyo." Niliweka sahani chini nikatoka nje kana kwamba nimeitwa. Na jioni anapouliza, "Una lolote?" ninajibu, "Sina," naye analala kama mtoto, mimi natazama dari.

Nilidhani nitajikaza hivyo hivyo mpaka yapite, lakini Jumatano mama mkwe alikuja dukani na lile gauni limekunjwa kwenye karatasi. Kikundi kinaimba tena Jumamosi ya mwisho ya mwezi, akasema, na yeye amejitoa, kwa sababu mwanawe anaulizauliza. "Lipunguze kiunoni na ulishushe lile bega, atalivaa mwingine." Nikasema, "Mama, lakini..." Akasema, "Mwanangu, wewe shona tu." Alitabasamu, lakini alipotoka nilimwona kupitia dirishani amesimama kando ya barabara muda mrefu kana kwamba amesahau njia ya kwake.

Gauni liko mbele yangu ninapoandika na mkasi uko juu yake. Nikisema, nimemsaliti mama na nimemvunja moyo mume wangu. Nikinyamaza, naishi na mume ninayempenda kuliko pumzi yangu nikiwa mwongo wa kila jioni, na mama anazima kabisa. Nifanye nini? Nakuomba usiichape barua hii kabla hujanijibu, mume wangu hasomi gazeti lakini hutandika magazeti kwenye meza yake ya kazi. Anwani yangu iko nyuma ya bahasha.

Ni mimi, mke wa fundi, wa miezi mitatu.

MSHAURI ANAJIBU

Bibi harusi wangu, mkasi uurudishe kwenye droo. Nakujibu kwa posta siku hii hii niliyoipata barua yako ili neno hili likuwahi, lile gauni usiliguse hata uzi mmoja. Gazetini sitaiweka mpaka wewe mwenyewe uniandikie kwamba niiweke.

Pole, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili niliivua miwani nikaifuta, na haikuwa na vumbi. Sasa keti vizuri nikuseme.

Acha kujilaumu kwa kusimama juu ya shuka na kumsifu mumeo. Hilo si kosa, wake wengi wangetamani kuwa na mume wa kujivunia hivyo. Ahadi kwa mama mkwe nayo si kosa. Mtu mzima akikushika mikono asikuachie, huwezi kumwambia ngoja nikafikirie. Ila unachanganya mambo mawili. Yaliyotokea bombani miaka ishirini na miwili iliyopita si yako, hukuwapo, hayakukuhusu, na kiapo chenu cha juu ya godoro hakikupi ruhusa ya kugawa siri za wazazi. Hayo funga mdomo. Lakini "jua lilinipiga machoni" ni ya kwako wewe, uliitunga mwenyewe, na kila jioni unapojibu "sina" unaishona upya. Hiyo lazima uifumue, na haraka, kwa sababu mumeo atafika ng'ambo ya soko kwa miguu yake, ataambiwa na mgeni, na siku hiyo atajua kwamba mama yake na mke wake walikuwa wanamtazama akizunguka mtaa mzima kama mtu aliyepotelewa.

Na mama mkwe wako, Mungu ampe umri, naye nina neno naye. Anamlinda mtoto wa miaka minane. Mtoto huyo hayupo tena. Yupo mwanamume wa miaka thelathini mwenye duka na mke. Atajilaumu akijua? Ndiyo, atajilaumu. Atalia pia. Lakini atalia mama yake akiwa amekaa pale pale mbele yake, anaweza kumfuta machozi na kumwambia, ulikuwa mdogo, baba. Akija kuyajua siku ambayo mama hayupo, nani atamwambia maneno hayo? Wewe? Wewe hukuwapo.

Kwa hiyo fanya hivi. Kesho ukitoka kazini nenda kwake peke yako na gauni lake likiwa kama lilivyo. Usiingie na kilio, ingia na salamu. Mwambie, "Mama, nimemdanganya mume wangu kwa ajili yako na siwezi kuendelea. Jumapili nitamwambia kwamba nilimwona mwimbaji na kwamba namjua. Jina lake sitalitaja, atalitaja mwenyewe." Atakuambia umemgeuka. Nyamaza. Atakupa chai, inywe. Kisha mwambie lile neno mumeo alilolisema kwenye vyombo, lile la kumleta mwimbaji aje kumwimbia mama yake. Mwambie kama lilivyo, usiongeze chumvi. Mimi sidhani kama atafika Jumapili bila kumwita mwanawe.

Akimwita, nendeni wote, lakini wakianza kuongea wewe toka nje. Kaanike nguo, kafagie uwanja, kaongee na jirani, lolote. Hayo mazungumzo si yako hata kama utatamani kuyasikia, na najua utatamani. Na mumeo akikukasirikia kwa sababu ya jua lako la uongo, usimkimbilie na kumkumbatia na kumjazia maneno matamu, maana wewe maneno unayo. Mwache akasirike siku yake moja. Amekuoa akijua unachomoa waya za redio nzima, hawezi kukuacha kwa hili.

Kama mama bado atataka kujitoa kwenye kikundi baada ya mwanawe kujua, basi atakuwa amejitoa kwa hiari yake, si kwa hofu, na hapo ndipo utachukua mkasi. Kabla ya hapo, hapana.

Huwa siwafuati watu majumbani, hii kazi ingenimaliza miguu. Lakini mimi pia nina mwana, na yapo niliyomfichia nikidhani namhurumia, na nimekaa na barua yako mkononi tangu asubuhi. Mwambie mama mkwe wako aweke kiti kimoja zaidi, na asinisumbukie kwa lolote, aimbe tu akitaka na akae kimya akitaka. Anwani yenu ninayo. Nitakuja kuwaona kabla mwezi haujaisha.